Sauti ipo, picha haipo: kuisoma TV kubwa ya zamani kabla ya kuitupa

Asubuhi moja ya Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, bwana mmoja mwenye kibanda umiza, banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, kule Tandahimba alinishushia mlangoni TV ya inchi 40. Aliileta hadi Mtwara kwa Noah, ameisimamisha katikati ya magunia mawili ya pumba ili isiyumbe.

"Fundi, hii imenifia mpira ukiwa dakika ya sabini. Mtangazaji anapiga kelele za goli, watu wangu wanatazama giza."

"Kuna mtu kaifungua?"

"Kaifungua mmoja. Kasema kioo kimekufa, nitafute nyingine."

Nikafunga dirisha na mlango, nikaiwasha. Sauti safi, kioo cheusi. Nikachukua tochi ya simu, nikaisogeza mpaka ikakaribia kugusa kioo, nikaielekeza kimshazari. Ndani ya kile kiduara cha mwanga wakaonekana watu wawili wanazungumza mezani, wamefifia kama wako nyuma ya moshi. Nikaihamisha tochi kushoto, likaonekana dirisha lililo nyuma yao. Nikaishusha chini, yakaonekana maandishi ya habari yanapita.

Yule bwana aliinama akatazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mpira ulikuwa unaendelea humu humu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kioo kilikuwa kizima, kinachora kila kitu kama kawaida. Kilichokufa ni taa zilizo nyuma yake. Naandika kwa sababu TV nyingi za namna hii zinatupwa au kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu hapa kusini, wakati kioo, ambacho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote humo ndani, hakina ugonjwa wowote.

Kwanza lieleweke hili: kioo cha TV bapa ya kawaida, iitwayo LCD, hakitoi mwanga. Chukua mfano wa mkeka uliotundikwa mlangoni wakati jua limewaka nje. Chukulia kila kitundu cha mkeka ule kinaweza kufunguka na kufunga kwa amri. Mwanga unatoka nje, mkeka unaamua upite wapi na uzuiwe wapi. TV yenye picha ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta ina vitundu vitatu, cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Jumla ni zaidi ya vitundu milioni sita vinavyofunguka na kufunga mara nyingi kila sekunde. Taa zikizimika, mkeka unaendelea na kazi yake, ila hakuna jua.

Kwa hiyo picha unayoiona ni kazi ya makundi matatu. Kuna habari inayoingia, kutoka kwenye king'amuzi, deki au flashi. Kuna kioo na bodi zinazokiamuru. Na kuna mwanga wa nyuma. Chini ya yote kuna pawasaplai, yaani bodi ya umeme, inayolisha kila mtu. Fundi akikwambia "picha imekufa" bila kusema ni kundi gani, bado hajajua. Na usitoe hela kabla hajajua.

Kipimo cha pili hakihitaji hata tochi. Picha ikiwa mbaya, chukua rimoti ufungue menyu ya TV yenyewe, si ya king'amuzi. Menyu ile haitoki nje, inachorwa na bodi kuu ya TV. Kama picha ya nyuma inagandaganda au inakatika vipande lakini menyu imekaa safi juu yake, acha TV, mtafute mgonjwa nje: waya, king'amuzi, dishi, antena. Kama mistari imeikata hata menyu, ugonjwa uko ndani. Ni kazi ya sekunde kumi, na imewaokoa wateja wangu wengi na nauli ya kuleta TV mjini bure.

Ugonjwa usiokuwa wa TV

Zamani mawimbi yakiwa hafifu tuliona chenga. Picha ilikuwepo, ila imenyeshewa mvua nyeupe, na mtu akipanda juu ya bati kuzungusha antena inarudi kidogo kidogo. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na lugha ya ugonjwa ikabadilika. Mawimbi ya dijitali hayana chenga. Yakitosha, picha ni safi. Yakipungua, picha inakatika miraba, inaganda, sauti inakwaruza, kisha kimya. Mvua kubwa za huku kwetu, zinazoanza kuelekea Desemba, zinaweza kufunika mawimbi ya dishi kwa dakika kadhaa, na TV haina kosa.

Chenga tupu, kwa upande mwingine, maana yake TV imewekwa kwenye tundu la antena na hakuna kitu kinachoingia humo. Nimeletewa TV nzima kabisa kwa sababu mtoto alibonyeza rimoti ikatoka kwenye AV, tundu la waya wa king'amuzi. Mama wa watu kabeba kilo arobaini kwa guta, ninabonyeza kitufe kimoja, picha inarudi. Sikumtoza kitu.

Kuna na ile ya picha kuwa nyeusi na nyeupe. TV nyingi za miaka ya 2010 zina tundu moja linalotumika kwa kazi mbili, la njano na kijani kwa pamoja. Waya wa njano ukiwa humo na TV imechaguliwa upande wa "component", utapata picha isiyo na rangi. Rudisha AV. Kama hairudi, ingia kwenye menyu uangalie mfumo wa rangi, na uuweke PAL au otomatiki. Hapo hakuna bodi ya kubadilisha.

Taa

Turudi kwa yule wa Tandahimba, maana hapa ndipo penye wagonjwa wengi.

TV bapa za mwanzo, kabla ya 2009 hivi, zilimulikwa na mirija myembamba kama taa ndefu za dukani, kila mmoja unene wa penseli au chini yake. Mirija ile inataka umeme mkali: volti mamia ikiwa inawaka, na zaidi ya 1000 pale inapoanza kuwaka. Bodi inayozalisha umeme huo ni inveta. Mrija mmoja ukichoka, inveta inahisi mzigo hauko sawa, inajifunga. Ndiyo sababu TV inawaka sekunde mbili halafu giza, na sauti inaendelea. Kama TV yako ni ya mirija, angalia pia mjusi kafiri. Anapenda joto la inveta, anaingia kwenye matundu ya nyuma, anagusa pasipogusika, anafia pale na bodi inaungua naye. Nimeshawatoa wengi. Na mirija ikivunjika, fungua madirisha, usifagie kwa mkono mtupu, maana ina zebaki kidogo ndani.

TV zilizofuata zina mikanda ya taa za LED. Kila taa ni ndogo kama punje ya mchele, imefunikwa na kofia ya plastiki inayosambaza mwanga. Kila moja inakula takriban volti 3, nyingine volti 6, na zimepangwa kwa kufuatana, kama zile taa za urembo za kwenye harusi: moja ikikatika, mstari wote unalala. Saketi inayozilisha ikiona mstari mmoja umekatika inazima na mingine kwa usalama. Basi taa moja iliyoungua, kitu cha shilingi chache, inazima TV nzima.

Ile ya kibanda umiza niliifungua mezani, tukiwa watu wawili. Kukiondoa kioo ndiyo hatua inayotia hofu, na ni haki. Kioo cha inchi 40 ni chembamba kuliko unavyodhani, na pembeni kimegandishwa nyaya bapa laini kama karatasi, ambazo zikichanika hakuna kuzirudisha. Tulikishika kwenye kingo, tukakiinua kwa pamoja, tukakilaza juu ya shuka safi. Feni nilikuwa nimeizima na dirisha la upande wa bahari nimelifunga, maana upepo ukiingia na mchanga, chembe moja ikikaa katikati ya kioo na zile karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, utaiona kwenye kila mechi.

Chini ya karatasi zile, mikanda ikaonekana. Taa mbili zilikuwa na doa jeusi katikati kama jicho la samaki aliyechomwa. Nikapitisha kipimo cha LED taa moja moja. Zile mbili kimya, na nyingine tatu zilikuwa zinawaka buluu badala ya nyeupe.

Hiyo buluu ina maana yake. Taa nyeupe ya LED kwa asili ni ya buluu, imepakwa unga wa njano juu, na mchanganyiko wa buluu na njano ndio macho yetu yanauona mweupe. Joto linaula ule unga. Kama TV yako picha imeanza kuwa ya zambarau au buluu upande mmoja, si rangi za kioo zilizoharibika wala haitibiki kwenye menyu. Ni taa zinakaribia kufa.

Kwa hiyo nilibadilisha mikanda yote. Kuna watu wanabadilisha taa moja, au wanaiunganisha kwa kipande cha waya kuiruka. TV inawaka, mteja anafurahi, na baada ya miezi inarudi, kwa sababu zile zilizobaki zimechoka kwa umri uleule. Mimi siifanyi, na nikiombwa naeleza kwa nini. Kabla ya kuifunga niliingia kwenye menyu nikakuta mwanga wa nyuma umewekwa 100. Nikaushusha hadi 60. Ndani ya kibanda chenye giza 60 inatosha kabisa, na joto linalopungua hapo ndilo linaloongeza maisha ya taa. Ukiwa na TV nzima nyumbani, fanya hivyo leo.

Mistari, na kitambaa kilicholowa

Hapa habari si nzuri, nami sitaificha.

Mstari mwembamba wa wima, wa rangi moja, usiotoka hata ukibadilisha chaneli, kwa kawaida unatoka kwenye zile nyaya bapa zilizogandishwa kwenye ukingo wa kioo. Hazikuchomewa kwa risasi ya kulehemu. Zimeunganishwa kwa gundi maalumu inayopitisha umeme, kwa joto na mgandamizo wa mashine. Ukibonyeza ukingo kwa kidole na mstari ukapotea, umeshapata jibu. Mafundi tunaweka kipande cha mpira kubana pale mahali, na mstari unaweza kuondoka kwa wiki au miezi. Lakini huko ni kuazima muda, na mteja aambiwe hivyo kabla hajatoa hela.

Nusu ya kioo ikizimika, au picha ikigeuka rangi zake kama negativu ya studio, kuna matumaini zaidi. Mara nyingi ni bodi ndogo iitwayo tikoni, inayopokea picha kutoka bodi kuu na kuigawa kwa kioo, au ni kebo bapa inayoiunganisha. Kwa nyumba za Mikindani, Shangani au Kilwa Masoko, zilizo karibu na maji, hiyo kebo ndiyo ninayoitazama kwanza. Hewa ya chumvi inaingia kimya kimya, meno ya shaba yanaota ukijani. Nafungua kishikio chake taratibu, nasugua meno kwa ufutio wa penseli, nafuta kwa spiriti isiyo na maji, nairudisha. Kuna siku kazi yote inaishia hapo. Usitumie mafuta ya taa wala manukato, yanaacha uchafu kuliko uliokuwepo.

Lakini chanzo cha mistari kinachoniuma zaidi ni usafi. Siku moja mama mtu mzima alinipigia kutoka Lindi, sauti inatetemeka. Wageni wa harusi walikuwa njiani, akaipuliza TV maji ya sabuni akaifuta ikang'aa. Baada ya saa moja mistari ikajaa upande wa kulia. "Mwanangu, nimeiosha tu." Shikamoo yangu ilikuwa haijaitikiwa bado.

Ukipuliza maji kwenye kioo, yanateremka. Yakifika chini yanaingia kwenye ule ufa mwembamba kati ya kioo na fremu, na kwenye TV nyingi humo ndimo zilimo zile nyaya bapa na vichipu vyake. Maji yenye sabuni au chumvi, pamoja na umeme, yanakula shaba kwa muda mfupi sana. Nilimwambia achomoe haraka na asiiwashe siku kadhaa. Mistari ilipungua, haikuisha. TV inafutwa ikiwa imechomolewa, kwa kitambaa laini kikavu. Doa likikataa, loweka kitambaa, si kioo, na ukikamue kwanza mpaka kisidondoshe hata tone.

Kioo chenye ufa, au doa jeusi lililosambaa kama wino, hakitengenezeki. Kioo kipya bei yake inakaribia TV nzima.

Umeme

TV inayochelewa kuwaka, inayobofyabofya, inayowaka na kuzima, au picha inayocheza mpaka ipate joto, ielekeze kwenye pawasaplai. Fungua uangalie kapasita, yale makopo madogo yaliyosimama. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama sarafu. Kikiwa kimevimba, au kuna ukoko wa kahawia miguuni, kapasita imekufa. TV na kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 zilijulikana dunia nzima kwa kapasita mbovu, na joto la pwani halikuzisaidia. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zisipungue za mwanzo, na iandikwe 105°C, si 85. Ukiigeuza upande wa kutoa na kujumlisha inapasuka usoni.

Ile kapasita kubwa kuliko zote inashika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Kama hujui kuipima, usiingize mkono. Sisemi hili kwa desturi. Nimeona mtu anarushwa.

Kinachoua pawasaplai zaidi si kukatika kwa umeme, ni kurudi kwake. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tuliishi nje ya gridi ya taifa, na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo iliyokuja kuendesha mitambo yetu. Mtandao mdogo ukipoteza au kupokea mzigo mkubwa ghafla, volti zinayumba, na tulizoea taa kufifia na kung'aa. Tabia tuliyojifunza wakati ule bado inafaa: umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri dakika tano. Kinga yenye kuchelewesha umeme inakufanyia hivyo hivyo usipokuwepo.

Chogo na plasma

TV za chogo, zile nene zenye mgongo mkubwa nyuma, bado zipo, hasa vijijini Newala na Liwale, na zina heshima yake: zinatengenezeka. Ukiona picha yote imebanwa ikawa mstari mmoja mweupe wa kulala katikati, sehemu inayoisukuma picha juu na chini imelala. Punguza mwanga na uzime haraka, maana mstari ule unachoma unga wa kioo na kovu halitoki. Mara nyingi ni chipu moja, au risasi iliyopasuka kiduara kuzunguka mguu wake, ufa unaoonekana kwa kioo cha kukuzia tu. TV inayorudi ukiipiga kofi ina ufa wa namna hiyo mahali fulani. Kofi limekupa jibu, sasa acha kuipiga umpelekee fundi.

Mabaka ya kijani na zambarau pembeni ni sumaku, na sumaku ni ya sabufa uliyoiweka pale. Isogeze, zima TV kwa kitufe chake kikuu, si rimoti, iache nusu saa. Ukiiwasha utasikia mngurumo mfupi: ni koili inayofuta usumaku. Rudia mara kadhaa.

Usifungue chogo kwa udadisi. Ile kofia nyekundu ya mpira juu ya kioo, kwenye TV ya inchi 29, inabeba volti 25,000 na zaidi, na kioo chenyewe kinaweza kuzihifadhi ikiwa imezimwa.

Plasma, aina nyingine ya TV bapa, nitazisema kwa ufupi. Panasonic ilizisimamisha mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata, kwa hiyo bodi zake unazipata kwenye maiti za wenzake tu. Zinakula umeme na zina tabia ya kushika alama. Plasma iliyokaa kibandani misimu mitatu utaikuta na kisanduku cha matokeo kimeganda kwenye kona hata inapoonyesha taarabu.

Ukiamua kusafirisha TV bapa kwenda kwa fundi, fanya kama yule bwana: isimame wima, kioo kielekee kitu laini, isifungwe kamba inayopita mbele ya kioo. Ukiilaza kwenye keria ya basi kutoka Masasi, kila shimo la barabara linakipinda kioo katikati, na utaondoka nyumbani na ugonjwa wa taa ukafika na ugonjwa wa kioo. Na kama kioo kimeshapasuka, usikubali iende kama chuma chakavu. Bodi ya umeme, bodi kuu, tikoni na mikanda ya taa vina wanunuzi, mradi namba zilizoandikwa juu ya kila bodi zinasomeka. Piga picha za namba hizo, uzitume kwa mafundi wawili watatu. Tikoni niliyoifunga mwezi uliopita kwenye TV ya shule moja ilitoka kwenye TV iliyopasuliwa na mpira wa watoto Chikongola.